Mahamri ya Machakos na Wazee Wanaosahau



Msichana wa Mombasa apandaye bara kusoma huhesabiwa na jamaa zake kuwa amefuata cheti, nami sikuwa na hoja ya kulipinga hilo. Alama za mtihani ndizo zilizonichagulia kozi ya biashara katika Chuo Kikuu cha Machakos, si moyo wangu. Mwaka wa kwanza ulipita baina ya baridi ishukayo kutoka vilima vya Iveti na simu za mama kila baada ya Magharibi. Mitihani nilifaulu, nafaulu kwa ajili ya nini, hilo sikuwa na jibu lake.

Mwaka wa pili, wanafunzi wenzangu walianzisha changizo la kuzisaidia familia zinazouguza wazee wenye maradhi ya kusahau. Madaktari huyaita dimenshia, na Alzheimer ndiyo aina yake iliyoenea zaidi. Tulijiwekea tarehe 21 Septemba, siku ambayo dunia huyakumbuka maradhi haya, iwe ndiyo siku ya kufunga hesabu. Nilipoulizwa ninaweza kutoa nini, nilisema mahamri. Wenzangu wa bara huyaita mandazi (wallahi si kitu kimoja, lakini si mahali pake hapa). Basi tukawa tunaamka saa kumi za alfajiri, tunakanda unga kwa tui na hiliki, tunauza kabla ya kipindi cha kwanza. Nazi za Machakos zina bei ya kumliza mtu wa Kilifi, ila faida ilipatikana.

Kabla ya kukabidhi chochote tulizitembelea familia zenyewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja ambaye wote tulimwita susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya. Anayemtunza ni bintiye, mama wa makamo aliyekuwa akiuza mboga sokoni hata akaacha. Usiku susu huamka akitaka kwenda kwa mama yake, aliyefariki zamani mno. Binti ametundika kengele ya mbuzi mlangoni ili asikie ukifunguliwa. Tulimpelekea nepi za watu wazima, sabuni na unga, akashukuru. Kisha mwenzangu akamwuliza angependa nini zaidi ya hivyo. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba anatamani kulala mchana mmoja bila ya kuisikiliza ile kengele.

Hakuna mhadhara ulionifunza biashara kama jibu lile. Sisi tulihesabu gharama ya nepi. Saa za yule mama hazikuwamo katika daftari letu wala la mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwauguza hutolewa na wanawake. Tukakubaliana sehemu ya fedha iwe nauli, ili kila Jumamosi wasichana wawili wakae na mzee, mtunzaji apumzike.

Jumamosi ya kwanza susu aliutazama mtandio wangu, akaniita kwa jina la mwanamke wa Kiswahili aliyemwuzia leso zamani, akadai chenji yake. Nilimpa shilingi kumi. Akazihesabu, akaridhika. Bintiye alilala muda wa saa tatu.

Nilipomsimulia mama kwa simu, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Hayo ndiyo ya nyanya yako." Nyanya yangu wa Mji wa Kale husali Adhuhuri mara tatu au nne, kisha huuliza kama kumeadhiniwa. Nyumbani ilisemwa ni majini. Likaandikwa kombe, ukafukizwa ubani. Dua siikatazi, nani angekataza? Lakini hakuna aliyempeleka hospitali, hali kusahau kwengine husababishwa na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini au hata dawa anazotumia mzee, na huko hutibika. Alzheimer yenyewe bado haina dawa ya kuiponya. Na Qur'ani haikuificha hali hii: Suratun Nahl, aya ya 70, yataja anayerudishwa kwenye umri dhaifu hata asijue kitu baada ya kujua. Aliyeondokewa na akili hana lawama ya Sala. Sioni basi aibu yatoka wapi.

Kuficha kuna gharama. Huko Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee wanaoshukiwa uchawi. Oktoba 2021, mabibi wanne waliuawa Marani, Kisii, kwa shutuma hiyo hiyo. Sisemi hao walikuwa na maradhi haya. Nasema mzee anayepotea usiku na kubisha mlango usio wake atatetewa na nani, ikiwa jirani hakuambiwa kwamba anaumwa?

Nchini mwetu lipo shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, lililoasisiwa na Elizabeth Mutunga, aliyemwuguza baba yake. Huwakutanisha wenye kuuguza wakasikizana. Mimi sasa naandika mradi wangu wa mwisho juu ya gharama ya saa za utunzaji katika nyumba za Machakos, na kwa mara ya kwanza najua kwa nini natafuta alama nzuri.

Khalati yangu, anayekaa na nyanya, ana miaka miwili hajahudhuria harusi hata moja. Likizo hii nimemwahidi kukaa mimi, aende kupamba bibi harusi kwa jirani. Gauni ameshashona. Linalomtia hofu ni kwamba nyanya hali chakula ila kwa mkono wake yeye, na harusi ni Ijumaa. Tumepatana nianze kumlisha Jumanne, khalati akiwa bado ameketi kando yetu.