Tramu namba 8 haiji tena

Ukifika Amsterdam halafu ukajibanza kituoni kusubiri tramu namba 8, mtu wangu, utaota mizizi hapo. Haiji. Ilifutwa mwaka 1942, Wajerumani wakiwa wameikalia Uholanzi, na mpaka leo namba hiyo haijapewa tramu nyingine. Njia nyingi za mji ule zimebadilishwa na kuunganishwa, si unajua tena mambo ya wapanga miji, lakini 8 imeachwa ipumzike. Ilikuwa ikipita Weesperstraat na Jodenbreestraat, yaani katikati ya uswahilini kwa Wayahudi, na wengi wa abiria wake walipelekwa safari isiyo na marejeo.

Kwa wasioijua, tramu ni kama mwendokasi wetu, ila yenyewe inatambaa juu ya reli katikati ya mtaa, na kengele yake ikilia, wewe mwenye baiskeli pisha. Hakuna kuning'inia mlangoni. Unagusisha kadi, unakaa. Mimi na mshikaji wangu mmoja wa Tanga, ambaye kaishi huko miaka mpaka Kiswahili chake kimeanza kupata kutu, tulipanda namba 14 pale stesheni kuu. Nilishamwambia sitaki maua, wala yale madirisha yenye taa nyekundu ambayo kila Mbongo akirudi lazima ayasimulie. Nataka kuona walikokuwa wakiishi Wayahudi. Akanitazama.

"Kaka, huko utaona mapengo tu."

Tulishuka Waterlooplein. Ukiwa mtoto wa Karume au Gikomba utajisikia nyumbani: makoti ya ngozi, viatu visivyo na wenzake, redio za mbao, mitumba mitupu. Wachuuzi wa Kiyahudi walihamishiwa hapa miaka ya 1880, baada ya mifereji miwili kufukiwa. Kabla ya vita Wayahudi wa Amsterdam walikuwa wapatao 80,000, karibu mtu mmoja katika kila wakazi kumi. Na usidhani wote walikuwa matajiri wa almasi kama watu wanavyopenda kusema vijiweni kwetu. Wakata almasi walikuwepo, ndiyo, lakini wengi kwa mshahara. Wengine walisukuma mikokoteni ya samaki na matango ya achari, hohehahe kabisa, familia nzima chumba kimoja.

Lugha ya mtaani ya mji huo mpaka leo ina deni kwao. Rafiki wanamwita "gabber", kutakiana heri ni "mazzel", mji wenyewe wanaupa jina la mahaba "Mokum". Maneno hayo yote yametoka vinywani mwa Wayahudi. Hata mashabiki wa Ajax, ambao wengi wao si Wayahudi hata kidogo, hujiita Wayahudi wakiwa uwanjani, na mashabiki wa timu pinzani wamewahi kuwajibu kwa kuigiza mlio wa gesi. Gesi, msomaji! Unajua ni gesi gani.

Hatua chache kutoka sokoni, nyuma ya sinagogi kubwa la Wareno lililojengwa mwaka 1675, kuna uwanja unaitwa Jonas Daniël Meijerplein. Katikati amesimama kuli mmoja wa bandarini, wa shaba, mnene, mikono mitupu. Sanamu hiyo aliichonga Mari Andriessen, ikazinduliwa mwaka 1952, na kila Februari 25 watu huja kuweka maua. Kisa chake kinahitaji uvute kiti.

Februari 1941 wahuni wa chama cha Wanazi wa Kiholanzi walikuwa wakiingia mtaa huu kuvunja madirisha na kupiga watu. Vijana wa Kiyahudi, wengine mabondia wa klabu, wakajipanga, wakasaidiwa na washikaji wao wasio Wayahudi kutoka mitaa ya jirani, wakawapa jamaa kipigo cha mbwa mwizi. Mwanamgambo mmoja akafa. Februari 22 na 23 Wajerumani wakaja kulipiza. Waliuzingira mtaa, wakazoa vijana wa kiume zaidi ya 400, wakawachuchumalisha kwenye uwanja huu huu, mikono imenyooshwa mbele. Walikopelekwa, karibu wote walifia huko.

Basi Februari 25 mji ukagoma. Makomunisti ndio waliotoa wito, na walioanza kuchochea ni wafanyakazi wawili wa manispaa: Willem Kraan, mtengeneza barabara, na Piet Nak, mfagiaji. Wananchi walijua mambo yameiva walipoona tramu hazipiti. Bandari ikafuata, viwanda vikafuata, hadi Zaandam, Haarlem na Utrecht. Fikiria: watu wasio Wayahudi wanagoma mchana kweupe, mbele ya bunduki, kwa ajili ya majirani zao Wayahudi. Wajerumani walifyatua risasi, watu 9 wakafa, na Amsterdam ikatwangwa faini ya gilda milioni 15. Kraan alipigwa risasi mwaka uliofuata.

Waongoza watalii wengi humalizia hapo, mkapiga picha na kuli, mkaenda kunywa kahawa. Mimi nilitaka kujua ya siku ya tatu. Siku ya tatu watu walirudi kazini.

Na kazi zenyewe ndizo hizo. Mwaka huohuo makarani wa manispaa waliagizwa watengeneze ramani ya kuonyesha Wayahudi wanakaa wapi. Wakaitengeneza, tena kwa umahiri, kila nukta nyeusi ikihesabu Wayahudi 10. Wayahudi wenyewe walishaambiwa wajiandikishe, na karibu wote wakajiandikisha, maana Mholanzi akiambiwa fomu atajaza fomu. Vitambulisho vya Uholanzi vilikuwa vigumu mno kughushi, na cha Myahudi kilipigwa herufi J. Sisi wa Maziwa Makuu, tulioona Rwanda mwaka 1994, hatuhitaji kuelezwa kitambulisho chenye kabila kinaweza kumfanyia nini mtu kwenye kizuizi cha barabarani.

Sidhani kama karani yule alimchukia Myahudi. Pengine alinunua matango kwake kila Jumapili. Ndicho kilichonitisha zaidi pale, kuliko wale wahuni wa madirisha, kwa sababu mhuni unaweza kumpiga ngumi.

Marufuku zikaja moja moja, kama matone ya bomba bovu. Bustani marufuku, sinema marufuku, nyota ya njano kifuani kuanzia Mei 1942, baiskeli zisalimishwe. Mwisho wa Juni 1942 wakakatazwa kupanda tramu. Wiki mbili baadaye tramu zilezile zikaanza kuwabeba, usiku, kuwapeleka stesheni za treni. Zaidi ya watu 48,000 walisafirishwa kwa tramu za manispaa. Kila safari iliandikiwa ankara.

Tulipanda tena 14 vituo vichache hadi Plantage Middenlaan. Hapo kuna ukumbi wa maigizo, Hollandsche Schouwburg. Kwa mbele unaona jumba zuri la nguzo, ukiingia ndani hakuna paa, ni ua mtupu. Kuanzia 1942 hadi 1943 Wayahudi walifungiwa humo kusubiri zamu ya kupelekwa kambi ya Westerbork, na kutoka huko Auschwitz na Sobibor. Watoto waliwekwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya kulelea watoto iliyosimamiwa na Henriëtte Pimentel.

Sasa sikiliza. Mlinzi wa Kijerumani alisimama mlango wa ukumbi, macho yake ng'ambo. Katikati inapita tramu. Tramu iliposimama ikamziba mlinzi, mlango wa watoto ulifunguka, msichana mlezi akatoka na mtoto mkononi, akatembea sambamba na tramu mpaka kona au akaruka ndani. Walter Süskind, Myahudi aliyefanya kazi ndani ya ukumbi, alikuwa akifuta majina ya watoto hao kwenye orodha. Jirani, Johan van Hulst, mkuu wa chuo cha ualimu, alipokea watoto juu ya ua wa nyuma. Waliokolewa watoto wapatao 600. Van Hulst alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 107. Pimentel aliuawa Auschwitz. Süskind naye hakurudi.

Mshikaji wangu, ambaye kwa kawaida mdomo wake haupoi, alikaa kimya tramu tatu zilipopita. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde. Ikisimama kituoni haizibi kwa muda mrefu kama unavyodhani.

Chuo kile cha ualimu sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Maangamizi ya Wayahudi, yaliyofunguliwa Machi 10, 2024. Siku hiyo Rais wa Israel, Isaac Herzog, alikuwepo, na mtaani waandamanaji walikuwa wakipaza sauti kuhusu Gaza. Kupaza sauti watu wanapokufa ni haki ya mtu, tena sitaki kusikia mwingine akisema vinginevyo. Lakini kumsimamisha bibi wa miaka 90 wa Amsterdam, ukamdai maelezo ya vita asiyoipigana kwa kuwa tu ni Myahudi, hapo naona mtu amechukua kalamu na anatia nukta kwenye ramani.

Tulirudi kwa miguu hadi Weesperstraat. Mapengo aliyosema jamaa ndiyo hayo: barabara pana, majengo ya ofisi. Nyumba za Wayahudi zilibaki tupu, na majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, njaa na baridi vilipouzidi mji, watu waling'oa sakafu na ngazi zake wakafanya kuni. Kando ya barabara kuna ukuta wa majina uliofunguliwa Septemba 2021, kazi ya Daniel Libeskind. Matofali zaidi ya 102,000, kila moja jina, tarehe ya kuzaliwa na umri. Unakutana na familia nzima kwenye mstari mmoja, wa mwisho ana umri wa miezi. Nilikuta kijana wa rika langu anafuta vumbi kwenye tofali moja kwa mkono wa koti, sikumwuliza. Wengine walikuwa wamejificha kwa watu, zaidi ya 25,000 nchi nzima, na takriban theluthi moja walikamatwa. Aliyemchoma Myahudi alilipwa gilda 7 na nusu kwa kichwa.

Waliopelekwa walikuwa kama 107,000. Waliorudi hawakuzidi elfu tano na ushee. Na hao waliorudi wakakuta bili. Wengine walidaiwa kodi ya kiwanja ya miaka ya vita pamoja na faini ya kuchelewa, ilhali nyumba walikuwa wakikaa watu wengine na wao wenyewe wakiwa kambini. Makaratasi hayo aliyaibua mwanafunzi mmoja miaka zaidi ya sitini baadaye, na mwaka 2016 manispaa ikaamua kurudisha euro milioni 10 kwa jumuiya ya Wayahudi. Aprili 2025 meya, Femke Halsema, alisimama pale kwenye ukumbi usio na paa akaomba radhi kwa niaba ya mji.

Zile safari za usiku za tramu nazo zilikuwa na deni lake. Ankara ya mwisho, gilda 80, Wajerumani waliondoka bila kuilipa. Vita vilipokwisha kampuni ya tramu ikaendelea kuidai. Mwaka 1947 bado ilikuwa inadai.