Dhamana ya Njia: Rubani na Mwongoza Ndege

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ilizaliwa baharini, mbali na miteremko ya Mlima Kenya, lakini imepata maskani mapya angani. Hata neno rubani asili yake ni majini: rubani alikuwa mjuzi wa bahari aliyekiongoza chombo kupita miambani hadi bandarini. Leo rubani yuko hewani, naye aghalabu ana mwenziwe aliye mnarani, ndiye mwongoza ndege. Je, ndege mbili zinapofuatana kutua katika njia moja, dhamana ya kuzitenganisha ni ya nani?

Kanuni za kimataifa, zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka wa 1944, zimeigawa dhamana hiyo. Mwongoza ndege hupanga foleni, na kwa kawaida hamruhusu rubani kutua iwapo ndege iliyotangulia haitakuwa imeondoka njiani. Pasipo rada, ndege ndogo isiyozidi kilo 7,000 inayoifuata ya uzani wa wastani hucheleweshwa kwa dakika 3, ili mizunguko ya hewa iliyoachwa na mabawa ya ile kubwa isiipindue. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho kuhusu usalama wa chombo ni wa rubani. Akiona njia haiko wazi, ana haki, tena ana wajibu, wa kupaa upya hata kama amekwisha kuruhusiwa kutua.

Aidha, dhamana hii yaweza kuhama. Anga ikiwa nyeupe, mwongoza ndege humwuliza rubani iwapo anaiona ndege iliyo mbele yake. Rubani akijibu kuwa anaiona, akakubali kuifuata kwa macho, kazi ya kulinda nafasi baina yao huwa yake. Mnara hubaki na ulinzi wa njia yenyewe. Neno moja lililotamkwa na kuitikiwa limehamisha mzigo wa roho za watu.

Wameru hawangeliona jambo hili kuwa geni. Katika mila yao, rika za Kiruka na Ntiba zilipokezana uongozi kwa sherehe ya ntuiko. Mamlaka hayakuponyoka kimyakimya kutoka mkono mmoja na kuokotwa na mwingine. Yalikabidhiwa hadharani, aliyetoa akijua ametoa na aliyepokea akijua amepokea. Hatari kubwa huwa pale ambapo kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye aliyeshika.

Historia inathibitisha hayo. Mnamo tarehe 1 Februari 1991, mjini Los Angeles, mwongoza ndege aliisahau ndege ndogo aliyoiweka njiani kungoja, akairuhusu nyingine kutua juu yake. Watu 35 walifariki. Mnamo tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, rubani wa ndege ya Walinzi wa Pwani aliingia njiani akiamini ameruhusiwa, ilhali alikuwa ameelekezwa kusubiri kando; mnarani hawakutambua. Watano kati ya sita waliokuwamo walikufa, ingawa abiria na wahudumu wote 379 wa ndege iliyokuwa ikitua waliokoka. Kenya nayo haikusalimika: tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo na ya abiria ziligongana hewani jijini Nairobi, karibu na Uwanja wa Wilson, na wawili waliokuwa katika ile ndogo wakaaga dunia.

Wilson una mnara. Viwanja vidogo kama Gaitu kule Meru na kile cha Embu havina. Huko, na katika viwanja vya Mbuga ya Meru ambako huenda twiga ndiye mwenye njia, rubani hutangaza redioni mahali alipo na nia yake, kisha hutega sikio na kukodoa macho. Hapo hana wa kumkabidhi dhamana. Nyakati za kampeni na mazishi makubwa, helikopta kadhaa huweza kuteremkia uwanja mmoja wa shule, vumbi likitanda na watoto wakikimbilia kutazama. Rubani asiyetangaza, au anayetangaza bila kusikiliza, huwa amewaachia watoto hao kazi ya kujilinda.

Kwa wapenzi wa lugha, funzo ni bayana. Angani, kurudia agizo ulilopewa si adabu tupu. Ndiyo risiti ya dhamana. Neno lenye maana mbili, ambalo kwa mshairi ni johari, kwa rubani ni mwamba chini ya maji. Na pale ambapo hakuna mnara wa kuuliza nani yuko wapi, ukimya wa mmoja unatosha kuwazamisha wawili.