Anwani na Mwenye Anwani

Anwani ni neno dogo lenye kazi kubwa. Asili yake ni Kiarabu, na hata leo maana yake haikomi kwenye mahali pa mtu. Kichwa cha habari au jina la kitabu nalo huitwa anwani, kwa sababu humjulisha msomaji kilichomo kabla hajakisoma. Kwa hiyo anwani hutangulia kitu, wala siyo kitu chenyewe. Bahasha si barua, na mlango si mwenye nyumba. Jambo hili ni wazi kiasi cha kuonekana halistahili insha. Lakini mambo yaliyo wazi ndiyo yasahauliwayo upesi, na yakisahauliwa na mtu atungaye chombo cha kutumiwa na maelfu, usahaulifu wake hugeuka kuwa sheria juu ya wengine. Nataka kueleza jinsi nilivyoiona sheria ya namna hiyo katika mji wa Babati, ndani ya maandishi ya programu moja ya soga.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Arusha hufika hapo ikagawanyika, mkono mmoja ukaenda Kondoa na Dodoma, mwingine ukaenda Singida. Upande mmoja liko ziwa na viboko wake. Upande mwingine umesimama Mlima Kwaraa. Mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, mji huu ukawa makao makuu ya mkoa mpya. Nilikulia hapo wakati ambapo nyumba zetu hazikuwa na namba. Mgeni aliyeitafuta nyumba ya baba aliambiwa ashike njia ya Bagara, apite mashine ya kusaga, kisha aulize kwa fundi cherehani. Barua hazikuja nyumbani. Zilikwenda posta, zikatiwa sandukuni, na sanduku lenyewe lilikuwa la shule aliyofundisha baba. Kwa sanduku hilo moja walipata barua walimu na wake zao, wanafunzi wa bweni, mpishi, na majirani waliokuwa na jamaa mbali. Juu ya bahasha liliandikwa jina la mwenye barua, chini yake maneno "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", kisha S.L.P. na namba yake, na mwisho Babati. Tarishi wa shule alifungua sanduku, akamwaga barua mezani, akazigawa kwa majina. Watu wapatao mia walitumia sanduku lile, na hapana mtu mwenye akili aliyewahi kudhani kwamba mia hao walikuwa mtu mmoja.

Mtandao wa kompyuta nao una masanduku yake. Kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1981, ambazo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulizipokea tarehe 1 Januari 1983, anwani ya kompyuta ni namba ya biti 32, yaani baiti nne. Sisi huiona kama mafungu manne ya tarakimu yaliyotengwa kwa nukta. Jumla ya anwani ziwezazo kuandikwa hivyo ni 4,294,967,296, nayo wakati ule ilionekana kuwa hazina isiyokwisha. Ikaisha. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya hazina kuu yaligawiwa taasisi tano za kanda za dunia, na mojawapo ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, ambayo huigawia Afrika. Lakini uhaba ulikuwa umetabiriwa zamani, na mwaka 1994 ilitangazwa njia ya kuusitiri: kompyuta nyingi zikae nyuma ya anwani moja ya nje, kila moja iwe na namba ya ndani isiyojulikana nje, na chombo kilichopo mlangoni kikumbuke jibu lipi ni la nani. Msomaji amekwisha kulitambua sanduku la shule, na tarishi wake pia. Kampuni za simu hutumia njia hiyo hiyo, hata wateja wengi wa miji mbalimbali wakaonekana ng'ambo kana kwamba wanatoka mlango mmoja.

Sasa nije kwenye soga. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini, alitunga utaratibu wa mazungumzo uitwao IRC, na programu nyingi zimezaliwa kutokana nao. Ndani ya utaratibu huo kila msemaji hujulikana kwa vipande vitatu: lakabu aliyojichagulia, jina lake la utumiaji, na anwani atokayo. Katika mazingira ya Oulu kipande hicho cha tatu kilikuwa na uzito. Anwani ilitaja kompyuta ya chuo fulani, nayo ilikuwa na msimamizi anayejulikana. Mtu akileta fujo, palikuwa na wa kuulizwa. Desturi hiyo ikaingia katika maandishi ya programu, na maandishi yakaichukua mpaka mahali ambapo sababu yake haikuwapo.

Niliwahi kuwaongoza vijana kumi na wawili wa Babati waliotaka kujifunza kutunga programu. Tulikutana jioni katika chumba kimoja, na mtandao wetu ulitoka kwenye laini moja ya simu. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa wakizungumza katika seva moja ya soga iliyokuwa ng'ambo, na huko vijana walitamani kupeleka maswali yao. Siku ya kwanza waliingia watatu. Wa nne alijibiwa kwamba watu wa anwani ile wamekwisha kuwa wengi mno, na wa tano na wa sita vivyo hivyo, mpaka tisa wakawa nje wakiwachungulia wenzao mabegani. Siku ya pili hata wale watatu walifungiwa, kwa kuwa mtu fulani, pengine wa mji mwingine kabisa, mteja wa kampuni ile ile ya simu, alikuwa ameleta fujo usiku. Binti mmoja, mdogo kuliko wote, akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumemkosea nani?"

Swali lake lilistahili jibu la kweli, na jibu lilikuwa ndani ya programu, ambayo maandishi yake yaliachwa wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Tuliyachukua tukayasoma kwa majuma mengi. Kwanza tulipatafuta mahali anwani inapohifadhiwa, tukakuta nafasi ya baiti nne tu. Nafasi hiyo haitoshi leo, maana anwani za aina mpya, zilizotangazwa mwaka 1995, ni za biti 128, yaani baiti kumi na sita. Anwani ya kale ikiandikwa kwa urefu wake wote haizidi alama 15. Mpya hufika alama 39. Mtunzi aliyekata nguo kwa kipimo cha mtoto hana budi kuishona upya mtoto akikua, tena si mahali pamoja: kila mstari uliodhani kwamba anwani ni baiti nne lazima utafutwe na kurekebishwa.

Kisha tulikuta habari ya mpangilio. Juu ya bahasha zetu twaanza na kidogo tukaishia na kikubwa: mtu, sanduku, mji, nchi. Mtandao hufanya kinyume, baiti kubwa hutangulia. Lakini kompyuta nyingi za leo huhifadhi ndogo kwanza, kwa hiyo programu hulazimika kuigeuza namba kila ipitapo mlangoni. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika juu ya ugomvi wa mafundi kuhusu mpangilio huu, akaazima majina ya pande mbili kutoka katika kitabu cha Jonathan Swift, ambacho wasomaji wetu wanakijua kwa jina la Safari za Gulliver, mahali ambapo watu hupigana kwa ajili ya upande upi wa yai uvunjwe. Vijana walicheka sana, na tangu siku hiyo hapana hata mmoja aliyesahau kugeuza baiti.

Nuktapacha nayo ilitupa kazi. Katika anwani mpya makundi ya tarakimu na herufi hutengwa kwa nuktapacha, na mfululizo wa sifuri hufupishwa kwa nuktapacha mbili. Lakini programu ilizoea kukata anwani na namba ya lango kwenye nuktapacha ya kwanza, hivyo iliikata anwani mpya shingoni. Ndiyo sababu anwani hizo hufungwa katika mabano ya mraba kabla ya kufuatiwa na lango. Zaidi ya hayo, katika IRC neno likitanguliwa na nuktapacha, yote yafuatayo hadi mwisho wa mstari huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Anwani ianzayo na nuktapacha ingevuruga ujumbe mzima. Dawa yake ni nyepesi: seva huongeza sifuri moja mbele ya anwani. Sifuri hiyo haibadili thamani yoyote, ila humfungulia mtu njia ya kusikika.

Mwishowe tulifika mahali tulipopatafuta tangu mwanzo, yaani kile kipande kinachompokea mgeni. Hakikuwa kirefu. Huichukua anwani, huhesabu wangapi wamekwisha ingia kwayo, na wakizidi kikomo hufunga mlango. Sikumwona aliyekiandika kuwa mtu mbaya. Wako wahuni ambao mmoja wao hujigeuza mia ili aujaze ukumbi kelele, na mwenye ukumbi ana haki ya kujilinda. Kosa la kipimo chake ni kwamba kimeuchukua wingi wa anwani kuwa wingi wa watu. Kwa kipimo hicho tajiri wa anwani ni watu wengi, na maskini kumi na wawili wanaogawana moja ni mtu mmoja mwenye fujo. Tena kipimo hicho hakimlindi hata mwenyewe: katika mpango mpya, nyumba moja kwa kawaida hupewa fungu ambalo biti 64 za mwisho ni zake kuzitumia apendavyo, hata mhuni mmoja aweza kubadili anwani kila dakika asimalize umri wake. Kwa sababu hiyo seva za busara huhesabu kwa biti 64 za mwanzo, na hata hivyo hazijui kama nyuma ya fungu hilo yuko mtu mmoja au darasa zima.

Baada ya kuyaelewa haya tuliona kwamba kikomo kile hakikuwa sehemu ya maumbile ya programu. Kilikuwa tarakimu moja katika faili ya masharti, nayo msimamizi aweza kuibadili kwa mstari mmoja. Tuliona pia kwamba seva ilikuwa na njia ya kumtambua mtu kwa jina lililosajiliwa na nywila yake kabla ya kumkubali au kumkataa. Tukamwandikia msimamizi barua ya adabu, tukamweleza chumba chetu, laini yetu, na hesabu yetu. Alikubali kuwapokea waliosajiliwa, kila mmoja kwa jina lake, na yule binti akauliza swali lake la kwanza juu ya baiti na mpangilio wake.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi nchini kote. Barabara na njia zikapewa majina, na nyumba zikapewa namba, huku kata zikitambulishwa kwa postikodi za tarakimu tano. Babati nayo ikaandikwa. Nalifurahia jambo hili, kwa maana mgonjwa atafikiwa upesi na mzigo hautapotea. Lakini watakuja watunzi wa programu, na wengi wao watakuwa vijana wetu, ambao watazikuta anwani hizo zimepangwa vizuri katika majedwali, na watashawishika kuzitumia kwa kazi isiyo yake: kukisia nani ni mwaminifu, nani apewe mkopo, nani afungiwe mlango. Nawausia wamkumbuke tarishi wa shule. Alikuwa na ufunguo wa sanduku moja na kazi ya kuwafikia watu mia, na kila mara, kabla ya kuitoa barua mkononi mwake, alisoma jina.