Wabatizaji wa Mpakani

Mpaka upitao Tunduma ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, pasipo Wanyamwanga kuulizwa neno. Wakajikuta nusu yao huku na nusu kule, lugha yao moja na vijito vyao vilevile. Katika vijito hivyo walibatizwa waumini wa kanisa ambalo hakuna Mzungu aliyelileta.

Mbegu yake ilitoka mbali. Elliott Kamwana, Mtonga wa Nyasaland, alifukuzwa kwao mwaka 1909 baada ya kubatiza maelfu ya watu kwa miezi michache, akitangaza kuwa dunia ya kodi ingekwisha 1914. Mwaka ulifika, dunia isiishe. Vita vikaja, na kwa watu wa mpakani tofauti haikuwa kubwa. Majeshi ya pande mbili yalichukua wapagazi, nafaka na ng'ombe. Misheni ya Mwenzo, mwendo mfupi kutoka Tunduma, ikaachwa na wamisionari.

Mafundisho hayo yalikuwa yamekwisha kuwafikia vibarua wa Rhodesia ya Kusini, na miongoni mwao alikuwamo Hanoc Sindano. Serikali ya huko iliwarudisha wahubiri makwao, ikidhani imelimaliza jambo, kumbe imelisafirisha.

Mwaka 1918 mahubiri yalishika moto. Watu walisali usiku kucha, wakakataa kazi za boma na amri za machifu. Lakini lililowachoma wakubwa, yaelekea, lilikuwa ubatizo wenyewe. Misheni ilimfundisha mtu miaka, ikampima mwenendo, kisha mchungaji Mzungu akaamua kama anastahili. Sindano na wenziwe walimzamisha mwenye kuamini, naye akatoka majini Mkristo kamili, asiyehitaji barua ya mtu. Aliyebebeshwa risasi za wageni kwa miaka minne aweza kufahamu thamani ya hayo kuliko msomi yeyote.

Kufikia 1919 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekamatwa, Sindano akiwamo. Hakuvunjika. Alipofunguliwa alihubiri tena, na wafuasi wake wakajenga kijiji wakakiita Yerusalemu. Hata wakuu Wazungu wa Mnara wa Mlinzi walipowakana wahubiri hao Waafrika, waumini hawakutawanyika. Jina lilikuwa la kuazima. Maji yalikuwa yao.