Dirisha la Chillon

Kaka yangu alikaa mahabusu miezi saba, akaachiwa bila kufikishwa mahakamani. Hajawahi kutusimulia. Mimi nilikuwa huku Uswisi, nimeanza shahada ya uzamili; sikwenda kumwona hata mara moja.

Ngome ya Chillon imejengwa juu ya mwamba kando ya Ziwa Geneva. Karne ya 12 ilikuwa tayari mikononi mwa watawala wa Savoy, waliotoza ushuru wasafiri wa barabara ya Italia. Nilikata tiketi, nikashuka hadi chini, kwenye ghala lililogeuzwa gereza.

François Bonivard aliletwa hapa mwaka 1530 kwa sababu alimpinga mtawala wa Savoy akiitetea Geneva. Miaka minne ya mwisho alikaa humu chini, inasemekana kwa mnyororo kwenye nguzo, hadi jeshi la Bern lilipoiteka ngome mwaka 1536.

Nguzo moja ina jina, lakini si lake. Ni la Byron, mshairi Mwingereza aliyezuru mwaka 1816 na kumtungia mfungwa huyo shairi refu. Limefunikwa kioo. Wageni wanalipiga picha, nami nikapiga.

Usiku nilimtumia kaka. Nilikuwa nimeandika maelezo marefu, nikayafuta. Nami nilikuwa mgeni tu.

Akajibu baada ya saa nzima: “Dirisha lilikuwepo?”

Nikamwambia yapo, membamba, juu ukutani. Jua likipiga ziwani, mwanga wa maji hucheza kwenye dari.

“Basi alikuwa anajua kumekucha.”

Hilo ndilo la kwanza alilowahi kuniambia kuhusu miezi ile saba.