Tulikula Huku Tukitembea: Siku Moja Mjini Bologna

Akina mama wenzetu, tangu turudi kutoka Italia swali ni lile lile kila tunapokutana, iwe sokoni au nje ya kanisa baada ya Misa: "Mlikula nini huko?" Jibu lake ni refu, kwa sababu siku moja tulilipiwa kula huku tukitembezwa mitaani tangu saa nne asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Basi tumeona afadhali tuliandike hapa, asikose mtu. Tena lipo jambo moja la siku ile ambalo mwenzetu ameturuhusu tulisimulie, kwa kuwa anaamini kuna mama mahali fulani ambaye linamhusu.

Tulikuwa wawili. Mmoja wetu ni muuguzi, amefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka 20. Mwingine ni mshonaji, mama wa watoto wanne, jirani na rafiki wa siku nyingi. Tunatoka Mkoa wa Iringa, na safari yetu ilitokana na undugu wa zamani: tangu mwaka 1974 Kanisa la Bologna limetuma mapadre, masista na watu wa kujitolea upande wetu, huko Usokami wilayani Mufindi. Mwenyeji wetu, mama mjane mwenye zaidi ya miaka 70, aliwahi kufika kwetu ujanani, na Kiswahili kidogo bado anacho. Ndiye aliyetukatia tiketi za matembezi yale kama zawadi. Tulipoona bei na kuigeuza kuwa shilingi, tulinyamaza kimya.

Kwenye tiketi yaliandikwa hivi: matembezi ya chakula na divai. Hapo ndipo shida yetu ilipoanza.

Mume wa mwenzetu alikuwa mnywaji. Wasomaji wa Iringa na Njombe wanaujua msimu wa ulanzi, mianzi inapogemwa wakati wa mvua na vilabu kujaa kuanzia alasiri. Ulanzi ukiisha, kuna komoni. Hatutasimulia yote yaliyopita katika nyumba ile. Inatosha kusema kwamba siku tulipoondoka alikuwa ametimiza miezi 14 bila kugusa kileo. Naye mkewe, siku ya kwanza kabisa, alimwahidi kuwa hatamwacha apigane peke yake: hataonja hata tone, si harusini wala kwenye ubatizo. Asubuhi ya safari mume alimbebea begi mpaka stendi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Huko nasikia divai ni kama maji. Mimi sitakuuliza." Neno hilo, "sitakuuliza," lilikuwa mzigo mzito kuliko begi.

Asubuhi tulikutana na kundi letu katika Piazza Maggiore, uwanja mkubwa wa katikati ya mji. Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wao Wamarekani na Wajerumani. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na sisi tulikuwa kuku weupe kweli, ingawa kwa rangi ilikuwa kinyume! Kiongozi wetu alikuwa mama wa umri wetu, mwenye viatu vya mpira na sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Alisema kwa Kiingereza, na muuguzi akawa mkalimani.

Kabla ya chakula alituonyesha Basilika la San Petronio. Ujenzi wake ulianza mwaka 1390, na mpaka leo uso wake haujakamilika: chini marumaru, juu matofali matupu. Mwenzetu aliliangalia kwa muda, akasema, "Kumbe hata hawa wana kanisa ambalo harambee yake haijaisha." Tukacheka, na woga wa asubuhi ukapungua kidogo.

Kutoka uwanjani unavuka barabara moja tu, unaingia katika vichochoro vya soko la zamani liitwalo Quadrilatero. Mitaa ni myembamba, samaki huku, matunda kule, na mapaja ya nguruwe yananing'inia juu ya vichwa vya wateja. Mji huu una varanda ndefu zilizoezekwa kando ya barabara, zaidi ya kilomita 60 kwa jumla, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Mvua inyeshe, jua liwake, mama anakwenda sokoni na kurudi bila mwavuli. Tuliwaonea wivu, tukikumbuka matope yetu ya mwezi wa Machi.

Kituo cha kwanza kilikuwa duka la nyama na jibini. Tulionja mortadella, soseji nene kama mto wa kulalia, ya nyama ya nguruwe iliyosagwa laini, yenye vipande vyeupe vya mafuta. Si jambo la mchezo kwao: mwaka 1661 Kardinali Farnese alitoa amri ya kulinda namna ya kuitengeneza. Kisha ikaja jibini ya Parmigiano Reggiano. Gurudumu moja la jibini hiyo lina uzito wa kilo 40 hivi, nalo hutumia lita zipatazo 550 za maziwa, na haliuzwi kabla ya kukaa miezi 12 ghalani. Sisi ambao maziwa yakibaki hadi jioni tunaanza kuhangaika, tuliona hapo kuna somo.

Juu ya jibini kiongozi alidondosha matone mawili ya siki nyeusi, nzito kama asali. Ni siki ya asili ya Modena, mji wa jirani. Hupikwa kutokana na maji ya zabibu, kisha huhamishwa pipa hadi pipa kwa miaka isiyopungua 12, na ile ya daraja la juu hukaa miaka 25. Akatuambia kuwa zamani familia ikipata binti ilianza kumwekea mapipa, na siku ya kuolewa aliondoka nayo. "Afadhali mapipa hayo," akasema mwenzetu, "kuliko mapipa niliyoyakuta mimi." Tulicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Katika duka lilelile ziligawiwa glasi za Pignoletto, divai nyeupe yenye mapovu kidogo kutoka vilima vya Bologna. Watu walikuwa wamesimama, wanasukumana, na mwenzetu aliiweka yake kwenye kaunta bila mtu kuona. Muuguzi hakufanya hivyo. Tuseme kweli: alionja. Ilikuwa baridi na nzuri. Alipogeuka alimkuta rafiki yake akiitazama ile glasi, bila hasira, kama mtu anavyotazama barabara ambayo yeye haipiti tena.

Kituo cha pili kilikuwa mahali wanawake wanapotengeneza tambi kwa mkono. Unga gramu 100, yai moja, basi. Wanausukuma kwa mti mrefu kuliko ule wetu wa chapati, mpaka unga unakuwa kama kitambaa ambacho unaweza kuona mwanga kupitia kwake. Mshonaji wetu alisahau kila kitu. Aliinama akawaangalia mikono, na mama mmoja akampa nafasi ajaribu. Tambi bapa ziitwazo tagliatelle zina kipimo rasmi, milimita 8 zikishaiva, kilichowekwa katika Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1972. Tortellini nazo ni kama sambusa ndogo mno, ndani yake mna nyama, jibini na kungumanga.

Tulipoketi kula, kulikuwa na chaguo: tagliatelle kwa mchuzi wa nyama, au tortellini katika supu. Mwenzetu aliuliza kama mchuzi una divai. Ulikuwa nayo, hata mapishi rasmi ya mwaka 1982 yanaitaja. Muuguzi alimweleza kuwa mchuzi unaochemka kwa saa nyingi hupoteza sehemu kubwa ya kileo, ingawa si yote, na kwamba hatalewa hata akimaliza sufuria. Mwenzetu alifikiri kidogo akasema, "Najua sitalewa. Lakini sitaki kuanza kupima." Akachukua supu. Nasi tukaona kwamba katika neno hilo alikuwa ametupita wote wawili, yeye na cheti chetu cha uuguzi.

Kituo cha mwisho kilikuwa Osteria del Sole, nyumba ya divai iliyopo tangu mwaka 1465. Ina desturi yake: wao wanauza vinywaji tu, na mteja anakuja na chakula chake. Tulikaa wote kwenye meza moja ndefu ya mbao, mkate na soseji vikafunguliwa kwenye karatasi. Kiongozi akapita na chupa ya Lambrusco, divai nyekundu yenye mapovu, akimimina mmoja baada ya mwingine. Hapa hapakuwa na kaunta ya kujificha. Alipomfikia mwenzetu, aliifunika glasi kwa kiganja.

Meza ikanyamaza. Kiongozi aliuliza kwa upole kama haipendi nyekundu, amletee nyeupe. Hapo muuguzi, kwa mazoea ya kazi, alikwisha kufungua kinywa ili aseme kuwa mgonjwa wake anatumia dawa. Ni uongo mdogo, wa adabu, na ungemaliza mambo. Mwenzetu alimshika mkono chini ya meza. "Usinitafutie ugonjwa, dada," akasema. "Sema ukweli."

Basi tukasema: nyumbani yuko mume aliyeacha pombe, na mkewe anamsindikiza.

Kiongozi aliuliza swali moja tu: "Miezi mingapi?" Tulipojibu kumi na minne, aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyewahi kuhesabu miezi ya namna hiyo. Hakueleza, nasi hatukuuliza. Aliondoka na chupa yake, akarudi na maji katika glasi ya divai. Mwenzetu alishukuru, kisha akaomba atiliwe katika bilauri ya kawaida. "Picha zikifika nyumbani," akasema, "zisije zikahitaji maelezo." Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Muuguzi naye akasogeza glasi yake pembeni, akaomba maji.

Kundi lilipoagana, sisi tulirudi mtaa wa Clavature, katikati ya soko, tukaingia kanisa dogo la Santa Maria della Vita. Tangu karne ya 13 udugu wa walei uliendesha hapo hospitali ya wagonjwa na mahujaji, na jambo hilo lilimgusa muuguzi. Lakini kilichotusimamisha ni sanamu za udongo wa kuchoma za Niccolò dell'Arca, za karne ya 15: watu wanaomlilia Yesu aliyelala amekufa. Wanawake wale hawalii kistaarabu. Vinywa viko wazi, na Maria Magdalena anakuja mbio, nguo yake ikipepea nyuma kama amesukumwa na upepo. Mwenzetu alisimama mbele yake muda mrefu. "Huyu," akasema, "amepiga yowe ambalo mimi nililimeza miaka tisa."

Usiku alipiga simu nyumbani. Kweli mume hakuuliza. Aliuliza mmekula nini. Mkewe akamsimulia mapipa ya binti, tambi za milimita 8 na supu, kisha yeye mwenyewe akasema, "Na divai walimimina. Nilifunika glasi." Upande wa pili palikuwa kimya. Halafu mume akasema, "Wangapi walikuona?" "Kumi na mmoja." "Basi," akasema, "na mimi kesho nitapita njia ya kilabuni mchana kweupe, wanione."

Akina mama, hatukuja kuwasifia divai wala kuwahukumu wanaokunywa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na hilo linawahusu Wataliano kama linavyotuhusu sisi. Ukialikwa mahali kama pale, mwambie mwenyeji wako mapema. Sisi tulichelewa kwa kuona haya, na baadaye mama yule alisikitika tu kwamba hatukumwambia. Mwenye kisukari aseme pia, maana wanga na chumvi ni vingi. Na ambaye mumewe anakunywa sana kila siku, asimlazimishe kuacha ghafla bila kufika kituo cha afya, kwa sababu mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege.

Tulichokileta nyumbani ni kipande cha jibini, ambacho mume wa mwenzetu alisema kinanuka kama soksi za mwanafunzi wa bweni, kisha akala chote. Na jambo jingine. Kule tuliona watu wakikaa mezani pamoja, wake kwa waume, bila haraka, chakula kikiwa mbele ya yote. Nyumba nyingi kwetu baba hula peke yake, au harudi kula kabisa, kwa sababu saa ya chakula ndiyo saa ya kilabu. Sasa katika nyumba ile Jumamosi chakula huandaliwa saa kumi na moja jioni, wakati vilabu vinapoanza kujaa, na wote sita huketi meza moja. Watoto ndio wanaosukuma unga. Jumamosi ya kwanza mume alifika saa kumi na moja na robo, ana jasho, amekwenda kwa miguu kwa njia ndefu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walimsogezea kiti.