Nguo ya Kuazima: Msanii na Jengo Tupu la Mji

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii yafaa kukumbukwa kila inaposifiwa ile fikra ya kuyageuza majengo matupu ya mijini kuwa karakana na majukwaa ya wasanii bila ya kodi. Kwamba msanii anahitaji nafasi ni jambo lisilo na mjadala: mchongaji hawezi kupasua gogo katika chumba wanamolala wanawe. Linalohitaji kuhakikiwa ni neno hilo “bure”, na mkono uliokamata ufunguo.

Mnamo Februari 1990, miezi michache baada ya kuanguka kwa ukuta wa Berlin, wasanii waliingia katika gofu la duka kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakazuia lisibomolewe, wakaliita Tacheles. Humo mlikuwa na karakana, jukwaa na sinema. Baadaye walipewa mkataba wa kodi ya jina tu, ambao ulifikia kikomo mwishoni mwa 2008. Kadiri wageni walivyomiminika kulitazama gofu hilo ndivyo mtaa ulivyopanda thamani, hata mwaka 2012 wasanii wa mwisho wakatolewa. Kazi yao wenyewe ilikuwa imesaidia kuipandisha bei ardhi iliyowashinda. Yamkini aliyepata cha bure alikuwa mwenye ardhi.

Huko Paris mambo yalikwenda vingine. Mnamo Novemba 1999 wasanii waliingia katika jengo la benki lililokuwa tupu, nambari 59 barabara ya Rivoli, nao pia walitishwa kufukuzwa. Hata hivyo, baraza la mji lililinunua jengo hilo, likalikarabati, na mwaka 2009 likafunguliwa upya likiwa na karakana za wasanii. Haielekei kwamba wa Paris walikuwa na kipawa kuwazidi wa Berlin. Waliwazidi kwa hati ya umiliki, iliyohamia mikononi mwa umma.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali kulipata funzo hili. Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, ni kijiji wala si jiji, lakini palikuwapo uwanja wa ekari nne uliotengewa vijana, sehemu yake kubwa ikiwa tupu. Mwaka 1977 wanakijiji walijenga hapo, kwa mikono yao, ukumbi wa wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Leseni iliondolewa mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa kwa amri ya serikali. Wanakijiji walikuwa na jasho lao pale, ila ufunguo ulikuwa kwingine.

Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1980, na kitabu kingali kinasomwa. Lakini mhakiki anayekisoma leo hukutana na maneno yaliyonyang’anywa uwanja wake. Kisa chenyewe ni cha mkulima anayepokonywa kipande chake cha ardhi, nacho kiliigizwa mbele ya watu waliokuwa wameketi juu ya ardhi ambayo nayo ingekuja kupokonywa. Maana hiyo haimo katika ukurasa wowote. Imo katika mahali, na mahali pamevunjwa.

Hapana budi, basi, uhakiki uliozoea kuuliza nani alitunga na kwa lugha gani uulize pia: kazi hii ilitungwa chini ya paa la nani, na kwa muda gani? Nao wanaowafungulia wasanii milango ya majengo matupu wapaswa kupimwa kwa maandishi ya mkataba kabla ya kupongezwa kwa ukarimu wao. Mwenye kuazima nguo huivaa akijua kwamba mwenyewe aweza kuidai hata katikati ya ngoma.